Tuonyesheni konteri kwanza, njo mtuletee faktire ya 48.000

Wandugu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, na nyinyi wote munaosoma hii ku telefone yenye asilimia kumi ya batri,

Ajenti wa kampuni ya umeme alipita kwetu Jumatatu asubuhi. Kawaida anapigaka hodi, anasalimia, anaomba maji, anacheka na wazee. Mara hii alipitisha karatasi chini ya milango na kwenda mbio. Tulipozifungua tulielewa sababu. Mwezi uliopita nyumba zetu zililipa faranga 30.000. Karatasi mpya inasema 48.000. Hakuna barua iliyotangulia, hakuna tangazo ku redio, shefu wa kartye hakuambiwa kitu. Tuligeuza karatasi tuone kama maelezo yako nyuma: nyuma ni nyeupe. Kuko tu ile hesabu, na chini yake mstari mmoja: siku kumi, kisha tunakata.

Ni faranga 18.000 zaidi kwa kila mwezi. Kuna watu wataona ni kidogo. Hao hawajasimama ku soko toka asubuhi na beseni ya tomsoni ya mkopo. Kuna mama mmoja katika avenyi yetu, alitupa faktire yake huku anacheka, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kampuni inaweza kupokea nusu sasa na nusu wakati Mungu atafungua. Kwake kuna ampuli tatu na redio. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, yuko na duka, frigo mbili na friza moja ya kuuzia maji ya baridi. Tuliweka faktire zao juu ya meza moja. Mwezi uliopita: 30.000 na 30.000. Mwezi huu: 48.000 na 48.000.

Mwenye duka mwenyewe aliona haya. Alisema, "Lakini mimi njo nakula ya huyu mama." Tunamshukuru kwa ile neno, juu angeweza kunyamaza.

Tulifanya kitu kimoja ambacho watu wengi hawafanyake: tulisoma faktire. Yote, na herufi ndogo. Kuna safu inaitwa consommation, yaani matumizi. Mwezi uliopita wameandika kilowati-saa 300. Mwezi huu wameandika 480. Sasa chukueni telefone yenu mupige hesabu pamoja nasi. 30.000 gawanya kwa 300, ni faranga 100 kwa kilowati-saa moja, pamoja na TVA ya 16%. 48.000 gawanya kwa 480, ni faranga 100 ileile.

Kwa hiyo kampuni haikupandisha bei. Bei ya umeme nchini ni kitu cha kupitia kwa mamlaka, inataka makaratasi na sahihi ya wakubwa, na watu wangesikia. Njia hiyo ni ndefu. Wamechukua njia fupi: wamepandisha matumizi yetu. Wameandika kwamba katika mwezi mmoja sisi wote, mwenye ampuli tatu na mwenye friza, tuliongeza umeme kwa 60%, sawasawa, siku moja, kama askari kwenye gwaride la tarehe 30 Juni.

Na walijuaje? Hatuna konteri. Hakuna mtu aliyeingia ndani ya parseli yoyote kuhesabu taa. Tuko ku forfe, ile bei ya kukadiria, tangu kabla wengi wetu kuzaliwa. Wazazi wetu waliambiwa ni kwa muda tu, konteri zinakuja. Tumesoma msingi, tumesoma sekondari, tumemaliza univerisite, konteri bado ziko njiani.

Basi tukahesabu wenyewe. Mmoja wetu alisoma elektromekaniki pale Kasapa. Diplome yake iko na miaka miwili ku kabati, ndani ya plastiki, inangoja kazi. Juzi usiku ilifanya kazi kwa mara ya kwanza: tulimwomba atuhesabie nyumba ya mama yake. Ni nyumba ya watu saba, ya katikati, wala ya tajiri wala ya maskini wa mwisho.

Kwanza, saa. Kwetu umeme unakujaka karibu na 23h na unaenda karibu na 5h. Hatusemi kwa hasira, tunasema kwa kaye. Mdogo wetu mmoja anajitayarisha kwa egzameni ya Serikali, anaamka umeme ukirudi ili asome, na tangu mwanzo wa mwezi anaandika saa ya kurudi na saa ya kwenda. Usiku nne alikesha bure, hakukuja kitu. Hizo nne tunaisamehe kampuni. Tuhesabu kama umeme ulikuja usiku zote 30, saa sita kila usiku. Inakuwa saa 180 kwa mwezi.

Sasa vyombo. Ampuli tano za wati 10, zote zikiwaka saa zote sita: kilowati-saa 0,3. Televizyo ya wati 80 kwa saa tatu: 0,24 (nani anaangaliaka televizyo usiku wa manane, lakini tuache). Frigo, tuseme inavuta wati 150 bila kupumzika hata dakika, ingawa frigo inapumzikaka: 0,9. Telefone nne kwenye shaji: 0,06. Pasi, nusu saa: 0,5. Resho ya wati 1.000, saa mbili, juu mama anaamka 3h kupika maharagi ya kesho kabla hawajakata: 2. Jumla ni kilowati-saa 4 kwa usiku. Kwa mwezi ni 120. Kwa bei ya kampuni yenyewe, hiyo ni faranga 12.000.

Tulirudia hesabu mara tatu juu hatukuamini. Ile 30.000 ambayo tumeilipa bila kelele ilikuwa tayari mara mbili na nusu ya kile tunatumia. 48.000 ni mara nne.

Pigeni na kinyume chake. Ili nyumba imalize kilowati-saa 480 ndani ya saa 180, inapaswa kuvuta karibu wati 2.670 kila dakika umeme uko. Yaani resho mbili kwenye moto wote, frigo nne, na ampuli zote tano juu yake, na bado hatujafika. Kuanzia 23h mpaka 5h, usiku 30, bila kuzima. Tunaomba yule aliyeandika 480 aje Katuba 2h ya usiku atuonyeshe ni nyumba gani inapika bukari namna hiyo. Mboga tutaleta sisi.

Watu watatu kati yetu walienda ku biro ya kampuni, wamevaa vizuri, faktire mkononi, sauti ya heshima. Walingoja asubuhi nzima. Ku dirisha waliambiwa: "Forfe haihesabiwake. Forfe ni forfe. Mulipe kwanza, mulalamike nyuma." Waliomba basi fomu ya konteri. Fomu zimeisha. Waliomba angalau jina la mtu aliyeamua 480. Dirisha lilifungwa, ilikuwa saa ya kula.

"Forfe haihesabiwake." Kama haihesabiwi, ile safu ya consommation inafanya nini kwenye karatasi? Kama inahesabiwa, waonyeshe hesabu. Hawawezi kuwa na vyote viwili. Wakati wa kuomba pesa ni kilowati, wakati wa kutoa maelezo ni forfe.

Tunajua majibu yatakayokuja, juu tumeyasikia tangu tukiwa watoto.

Watasema ukame. Ni kweli mwaka 2024 maji ya Kariba yalishuka sana, Zambia ikakosa umeme, na migodi ya huku kwetu inayonunua umeme kutoka kusini ilihisi. Lakini fikirini kidogo. Ukame unapunguza umeme. Umeme ukipungua, saa zinapungua, na zetu zimepungua. Ni ukame gani unaopunguza saa za umeme na kuongeza kilowati kwenye faktire?

Watasema mitambo imezeeka na matengenezo ni ghali. Hapo tutawasikiliza, juu ni kweli. Mwadingusha, juu ya mto Lufira, imefanya kazi tangu 1930, tangu Union Minière. Inga 1 ni ya 1972, Inga 2 ni ya 1982. Waya wa Inga mpaka Kolwezi ni kilomita karibu 1.700, ulijengwa wakati wa Mobutu ili shaba ipate umeme, na unapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha kitoroshi. Katika nchi hii, karibu mtu mmoja tu kati ya watano njo anapata umeme, na sisi wa forfe tunahesabiwa ndani ya huyo mmoja mwenye bahati. Mitambo itengenezwe, ndiyo. Bei ikiwa haitoshi, watuambie bei haitoshi, waonyeshe gharama, tubishane mchana mbele ya watu wote. Kuandika kilowati ambazo hazikutoka kwenye waya wowote ni kitu kingine, na kwa Kiswahili kina jina lake.

Watasema pia wizi. Watasema Katuba imejaa watu waliojiunganishia umeme usiku, na hasara lazima mtu ailipe. Hapa tuseme ukweli wetu, hata kama utauma. Wapo. Kuna waya zinazopita juu ya mapaa yetu ambazo hakuna fundi wa kampuni aliyeziweka mchana. Zinaunguza transfo, zinashusha voltaji mpaka ampuli inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na zinaweza kuua mtoto. Sisi kama harakati tunazipinga, na tumepoteza marafiki kwa kuzipinga. Lakini anayepanda nguzo usiku mara nyingi anapanda na mtu anayejua nguzo: fundi mwenye mkanda na koleo za kazi, aliyepewa madesu. Na dawa ya wizi ni ileile tunayoiomba sisi: konteri. Ukiweka konteri ku kabine na konteri ku kila nyumba, utaona tofauti kwa siku moja, utajua inavujia wapi. Kampuni isiyotaka kupima haitaki kujua. Na mama wa ampuli tatu hawezi kulipishwa wizi ambao hakuufanya, kisha kuandikiwa kwamba aliutumia yeye.

Halafu tuongee kuhusu kabine, juu hii inatuchoma. Transfo yetu ilipoungua, tulikaa gizani majuma mengi. Tulienda ku biro, wakasema stoki hakuna. Mwishoni tulikotiza. Kila parseli ilitoa, wajane walitoa, mwenye duka alitoa mara mbili. Waya tulinunua sisi, usafiri tulilipa sisi, chakula cha mafundi mama zetu walipika. Kwa majuma yale ya giza, faktire zilikuja kama kawaida, 30.000, kilowati-saa 300. Na ile waya tuliyoinunua leo ni mali ya kampuni. Kama tungekuwa na akili ya biashara tungewaandikia sisi faktire.

Kuna wanaotuambia: musijisumbue, musilipe tu, mwezi utapita. Sikilizeni vizuri hapa, wadogo zetu na wakubwa zetu, juu njo sehemu yenye hatari.

Katika avenyu ya tatu kutoka kwetu, nyumba chache zilibahatika kuwekewa konteri ya kununua umeme kwa telefone. Tulifikiri wamepona. Tulienda kuwauliza. Mmoja wao alituonyesha ujumbe ku simu yake: alinunua umeme wa faranga 10.000, akapata umeme wa 6.000. Hizo 4.000 zimeandikwa "deni la zamani". Kila akinunua, inakata yenyewe, kabla hata namba za kuingiza kwenye konteri hazijafika. Hakuna aliyemuomba ruhusa, hakuna aliyemuonyesha jumla ya deni wala siku litaisha. Na deni lenyewe ni lipi? Ni miezi ya forfe ambayo hakulipa yote, ikiwemo miezi ya giza. Kwa hiyo kilowati ambazo hazikuwahi kufika kwake zinakatwa leo kwenye kilowati zinazofika.

Mumeelewa? 48.000 ya leo, ukiilipa umekubali. Ukinyamaza bila kuilipa, inakaa ku kompyuta inakungojea, na siku konteri itakuja itaanza kukukata, wewe, ao mpangaji atakayekuja nyuma yako, ao watoto wako watakaorithi parseli. Kitu kimoja tu kinaweza kuizuia: karatasi yenye tarehe na muhuri, inayosema kwamba hesabu hii tuliikataa tangu siku ya kwanza na kwa sababu gani.

Ndiyo maana tumeamua hivi. Tulibishana mpaka karibu tugombane, tuseme wazi. Wengine walitaka tulipe 12.000, juu njo hesabu yetu ya kweli. Wengine walitaka tusilipe kitu. Tumekubaliana 30.000. Ni nyingi, tunajua, na tumeonyesha hapa juu kwamba ni nyingi. Lakini ni kiasi ambacho kampuni yenyewe ilikipokea mwezi uliopita, na tukikilipa hakuna mtu atakayesema ku redio kwamba Katuba haitaki kulipa umeme. Kila nyumba italipa 30.000 ku kese, itachukua risiti, na itaacha barua ya kukataa zile 18.000. Kese wakikataa kupokea, tunaandika siku na saa, mashahidi wawili wanasaini, na pesa inabaki nyumbani ndani ya bahasha. Isiguswe, hata kwa deuil.

Barua tumeziandaa kwa Kifaransa, juu ku biro wanasomaka hiyo, na nyuma kuna maelezo kwa Kiswahili ili mtu asisaini asichoelewa. Inaomba vitu vitatu: hesabu iliyozaa 480, konteri kwa kila parseli pamoja na tarehe ya kuiweka, na kufutwa kwa madeni ya miezi ambayo kabine ilikuwa imekufa.

Wengine watatuuliza munajifanya nani. Sisi ni raia, na tumesoma. Katiba ya nchi hii, artikulo 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na nguvu ya umeme. Sheria 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme, na kutokana nayo kuna mamlaka ya udhibiti, ARE, ambayo kazi yake ni kulinda na mtumiaji pia, si muuzaji peke yake. Kopi ya kwanza ya barua zetu inaenda kampuni, kopi ya pili inaenda ARE. Artikulo 27 inasema Mkongomani yeyote anaweza kuandikia mamlaka ya Serikali pétition, peke yake ao na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutaandika pia kwa gavana, na kuanzia siku ya muhuri tutahesabu hiyo miezi mitatu ukutani, palepale kabine iko, kwa chokaa, watu wote waone.

Na kama siku moja tutatembea mpaka mbele ya biro yao, artikulo 26 inataka tuijulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha. Haisemi kuomba ruhusa. Tunairudia juu kila mara polisi wanajifanya hawakuisoma, na baadhi yetu tuliisomea ndani ya kasho.

Neno kuhusu ajenti. Yule kijana aliyekimbia Jumatatu, wengi wenu munamjua, mama yake anakaa Kenya. Anafanya kazi ya siku, bila kontra, na kwake nyumbani ilifika 48.000 pia, tumeuliza. Asiguswe. Akirudi na ngazi kukata, tunasimama mbele ya nguzo, tunamuonyesha risiti ya 30.000 na barua yenye muhuri, tunampiga foto kwa heshima, basi. Hakuna mawe, hakuna matusi, hakuna kuchoma tairi. Wakikata hata hivyo, hakuna mtu kupanda nguzo kujirudishia, juu siku hiyohiyo tutaitwa wezi na barua zote zitakuwa karatasi ya kufungia karanga. Nyumba itakayokatwa, jirani mwenye umeme atapitisha telefone na ampuli ya kuchaji za nyumba hiyo mpaka irudishwe. Mwenye duka amesema friza yake iko wazi kwa mboga za watakaokatwa, bila kulipa. Tunaandika hii hapa ili asisahau.

Na nyinyi wa mitaa ya juu, ambao muko na konteri na munaona hii ni shida ya cité: angalieni faktire zenu za miezi mitatu iliyopita kabla ya kutucheka.

Wanafunzi wa Kasapa, tunahitaji watu kumi wenye mwandiko mzuri na uvumilivu, juu kuna wazee wengi ambao watataka kueleza maisha yao yote kabla ya kusaini. Muwaache waeleze. Wanasheria vijana munaongoja kiapo chenu, tunahitaji nyinyi kwa kusoma barua kabla hazijatoka; hatutaki zirudishwe juu ya koma.

Tunakutana Jumamosi hii, 9h, mbele ya kabine ya Katuba. Kila parseli ilete faktire mbili: ile ya 30.000 na ile ya 48.000, pamoja na risiti ya mwezi uliopita kama ipo. Asiye na pesa ya fotokopi apige foto leo usiku wakati kuna moto ku telefone. Kaye ya saa itakuwa pale juu ya meza, na mdogo wetu atakuwa pembeni yake. Kama kwenu umeme unakujaka saa zingine, ao haukuji kabisa, leteni saa zenu ziandikwe.

Vijana wa harakati, Katuba, Lubumbashi